Jogoo Asiyemaliza Kuwika

Baba mkubwa alikuwa anakula kwa kupiga kelele. Sisemi hivyo kumdharau. Mimi pia nilikuwa napiga kelele, tena nyingi, darasani, na sikuwahi kupata hata sambusa. Yeye alilipwa. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni mwa saluni ya Mkongo mmoja, Durban mjini kati, na kuwaita wapita njia waingie wanyolewe. Aliita kwa Kizulu, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza cha barabarani, na akimwona Mrundi mwenzetu alishusha sauti na kumwita kwa Kirundi, kama anampa siri. Ukipita pale na nywele ndefu, ulipita kwa hatari yako mwenyewe.

Lakini ufundi wake hasa ulikuwa kwa watoto. Mtoto akikalishwa kwenye kile kiti kirefu, akasikia mashine inanguruma nyuma ya sikio, analia kana kwamba wanamchinja. Hapo kinyozi anazima mashine na kutazama mlangoni. Baba mkubwa anaingia, anamuuliza mama wa mtoto swali moja tu: "Mama, kwenu ni wapi?" Akishajibiwa, anabweka.

Siku moja, nilipokwenda pale baada ya shule kumsubiri turudi nyumbani pamoja, nilimuuliza kwa nini lazima aulize kwanza. Kwani mbwa hawasemi lugha moja?

"Mbwa wanasema lugha moja," akaniambia. "Masikio ya watu ndiyo yana lugha. Mtoto akilia, mpe mbwa wa mama yake. Ukimpa mbwa wa watu wengine, atalia mara mbili."

Kwa hiyo mtoto wa Kikongo alipewa "wawu wawu", wa Kitanzania akapewa "bwe bwe". Mtoto ambaye wazazi wake walipitia shule za Kifaransa alipewa bata wa "kwen kwen", kwa pua, bata mwenye mafua. Mnyama mmoja tu alimkataa: farasi. Sisi tulikaa Greyville, ghorofa ya pili, na siku za mashindano dirisha letu lilikuwa linaona kona ya uwanja wa mbio, kwa hiyo nilimwomba sana. Alinijibu, "Farasi hatukuzaliwa naye. Mwache ajisemee."

Na kulikuwa na jogoo. Huyo aliwekwa akiba kwa watoto sugu. Baba mkubwa alisimama mbele ya kiti, akavuta pumzi, akafumba macho, akawika: "Kokori—" Halafu, kabla jogoo hajamaliza, alipitisha kidole cha mkono wa kulia shingoni, krrr, akainamisha kichwa, akafumbua jicho moja na kusema: "Wageni wamefika!"

Kwetu mlimani, alisema, mgeni akija asubuhi jogoo hamalizi kuwika. Watoto walicheka hata wale wasioelewa, kwa sababu ya lile jicho moja. Kinyozi alikuwa ameshamaliza upande mmoja wa kichwa.

Mimi, mama na baba mkubwa ndio tulikuwa nyumba nzima. Yeye ni kaka wa marehemu baba yangu. Mimi aliniita mbuzi, kwa sababu ya tabia zangu, na akitaka kuniita akiwa chumba kingine alisema tu "Mee!" Kwetu mkubwa akikuita huitikii "nini?" wala "nakuja". Unaitika "karame", yaani uishi maisha marefu. Mimi niliitika "Meee!" na mama akanitupia chochote kilichokuwa karibu.

Mwaka uliofuata ule wa Kombe la Dunia, vuvuzela yangu bado iko chini ya kitanda na mama bado anaapa ataichoma, baba mkubwa alianguka palepale mlangoni mwa saluni, katikati ya neno. Alikuwa anamwita mtu. Yule mtu aligeuka kuona kwa nini sauti imekatika, na ndiye aliyemdaka.

Kiharusi. Mguu ulirudi, kwa kuburuta. Mkono wa kulia ulikaa pajani kama wa mtu mwingine aliyeuweka hapo akasahau. Maneno hayakurudi kabisa. Alielewa kila kitu. Ukimchekesha, jicho lilicheka. Lakini akifungua mdomo ilitoka "ta". Maji yalikuwa ta, mlango ulikuwa ta, mimi nilikuwa ta. Aliisikia mwenyewe ile "ta", nayo ilimuudhi, akafunga mdomo. Wiki zikapita, akawa hata haufungui.

Mwenye saluni hakumweka mtu mwingine. Aliacha kiti cha baba mkubwa mlangoni, kitupu, na aliyetaka kukikalia alifukuzwa. Lakini kiti hakiiti wateja, na sisi wote tulijua hawezi kusubiri milele.

Hospitali wakatutuma kliniki ya chuo kikuu, kule Westville, ambako wanafunzi wanajifunza kuwarudishia watu usemi. Mama anashona, na Kiingereza chake ni cha vipimo: kiuno, kifua, urefu. Kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Miadi ilikuwa siku ya vipindi viwili vya hesabu. Nilimhurumia baba mkubwa kutoka moyoni, lakini sitadanganya kwamba nililia kukosa hesabu.

Westville ni miti na mageti. Tulipanda ile njia ya chuo polepole, ameniegemea bega, na tumbili mmoja akatufuata juu ya ukuta akitazama mfuko wetu wa mkate.

Dada aliyetupokea alikuwa Mhindi wa hapahapa Durban, mwanafunzi, koti jeupe limemzidi mabega. Mwalimu wake alikaa nyuma ya kioo cheusi, anatuona, hatumwoni. Yule dada alikuwa na hofu kuliko mgonjwa. Akatoa kadi za picha: mbwa, paka, ng'ombe, bata, jogoo. Chini ya kila picha sauti yake imeandikwa. Akanieleza nimweleze: sauti za wanyama hazikai kichwani mahali palepale pa maneno. Mara nyingine maneno yamefungiwa na sauti hizi bado ziko nje, zinacheza. Tutaanza nazo.

"Mbwa," akasema, na akabweka kwa Kiingereza: "Wuf! Wuf!"

Baba mkubwa akamtazama vile anavyomtazama mtu anayemuuzia simu iliyokufa.

"Paka? Miyau. Ng'ombe? Muu." Akafika kwa jogoo. Sijui kama umewahi kumsikia jogoo wa Kiingereza. Anasema "kok-a-dudul-du". Dada wa watu alilisema lote, kwa uso mkavu, na mwalimu wake nyuma ya kioo. Nilijiuma shavu la ndani mpaka nikasikia chumvi. Baba mkubwa hakutoa hata ile "ta".

Mwisho akatupa kadi twende nazo nyumbani, tufanye mazoezi kila siku. Akashusha sauti, akaniambia jambo ambalo nililitafsiri nusu tu: mwisho wa muhula mwalimu ataangalia kila mgonjwa. Wenye mabadiliko, hata kidogo, wanaendelea. Wasio na mabadiliko wanawapisha wengine, kwa sababu wanaosubiri ni wengi. Baba mkubwa nilimwambia, "Anasema tufanye bidii." Mama nilimwambia yote.

Ningejua mama angefanya nini na zile kadi, nisingemwambia.

Kwa mama, kilichotoka kwa mtu mwenye koti jeupe ni dawa. Na dawa haibadilishwi. Ameandika wuf, basi ni wuf. Akazipanga kadi juu ya kabati, karibu na vidonge vya presha, na asubuhi, mchana na jioni, baada ya chakula, akamkalisha shemeji yake mezani.

"Shemeji, jogoo huyu. Kokadudu."

"Mama, si kokadudu," nikasema. "Ni kok-a-dudul-du."

"Ndiyo hivyo nimesema. Weye soma vizuri, usimpe nusu dozi."

Nikasoma. Nilisoma kama mtangazaji wa mbio za farasi. Nilimletea mbwa wa Kiingereza mwenye mafua, mbwa wa Kiingereza mlevi, bata mchungaji anayehubiri. Lengo langu lilikuwa kumchekesha, naapa. Zamani angeanguka kwenye kiti. Sasa alitazama kadi, akanitazama mimi, akamtazama mama na kale kauso kake ka sala, na siku ya nne au ya tano akageuza kiti chote, kwa shida, mguu unakwaruza sakafu, akatazama ukuta. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nikadhani nimefaulu, anacheka. Nikamzunguka.

Hakuwa anacheka.

Kuanzia siku hiyo nilisoma dozi bila vichekesho, jambo ambalo kwangu ni kama kufunga. Haikusaidia. Fikiria mwenyewe: mtu amebweka mbwa wa nusu ya Afrika, sasa anafundishwa na mtoto mbwa ambaye hakuwahi kukutana naye. Sasa naliona wazi. Wakati ule sikuliona, na aliyenifundisha jambo hilo alikuwa amekaa mbele yangu, hana mdomo wa kunikumbusha.

Kule kliniki dada alizidi kupungua ndani ya koti lake. Wiki baada ya wiki, hakuna kitu. Muhula ukabaki na wiki moja.

Jumapili, wageni wakaja. Watu wetu hawamtembelei mgonjwa, wanamhamia. Wanaleta juisi na machungwa, wanaomba, halafu wanakaa. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuondoka, isionekane kwamba amechoka na mgonjwa. Siku hiyo alikuwepo mwenye saluni, na mkewe, na mama wa Kitanga wa ghorofa ya juu ambaye kila akija hujaza chumba na harufu ya udi, na gogo, yaani bibi kwa Kizulu, anayetunza mlango wa jengo letu, aliyekuja kuuliza kwa nini watu wengi hivi wamepanda akaishia kupewa kiti na juisi.

Mwenye saluni alisogeza kiti karibu na baba mkubwa, akamshika ule mkono wa kulia. "Mzee, batu banakuulizia kila siku. Watoto banalia mpaka barabarani. Ile kiti yako iko pale."

Baba mkubwa akatikisa kichwa. Jicho lilikwenda dirishani.

Ikafika saa ya dawa. Nilitumaini mama ataruka, kwa heshima ya wageni. Mama haruki dozi. Akaleta kadi.

"Iko nini hii?" mwenye saluni akauliza.

"Dawa ya mdomo," mama akasema. "Shemeji, haya. Kokadudu."

Mwenye saluni akaichukua kadi, akaitazama mbele, akaigeuza nyuma.

"Mama, samahani. Huyu ni ndege gani?"

"Jogoo."

"Jogoo gani anasema kokadudu? Jogoo iko anasema kokoriko! Dunia nzima. Hata Wafaransa banajua."

"Jamani, kokoriko ndiyo nini?" Mama wa Kitanga akaweka juisi chini. "Jogoo anawika kokoikoo. Kokoikoooo! Mimi nimefuga, kaka, sisikii kwa majirani."

"Ule wa Tanga hakumaliza shule."

"Na wa Kongo anawika au anawasha pikipiki?"

Mke wa mwenye saluni, ambaye nilidhani ni mpole, akasimama kumtetea jogoo wa kwao, akawika na mikono kiunoni. Mama wa Kitanga akamjibu kwa kuwika pia. Mama yangu akaendelea katikati yao, "Kokadudu, shemeji, kokadudu," kama mtu anayenyunyiza maji kwenye nyumba inayoungua. Jirani akagonga ukuta. Gogo, aliyekuwa anafuata yote bila kujua neno, akaniuliza kwa Kizulu kuna nini. Nikamweleza. Akacheka kwa dharau.

"Jogoo? Humu mjini umemsikia wapi jogoo? Anayetuamsha hapa ni inkankane." Ni yule ndege wa kijivu mwenye mdomo mrefu, hadeda, ambaye kila alfajiri anapita juu ya Greyville akipiga kelele kama ameibiwa. "Na yeye anasema wazi: Ngahamba! Ngahamba! Nilisafiri, nilisafiri." Akalisema kwa sauti ya ndege mwenyewe, na kwa jengo letu, ambalo hakuna mtu aliyezaliwa humo, sikuona cha kupinga.

Basi kukawa na majogoo watatu na hadeda mmoja chumba kimoja, na ukuta unagongwa.

Paa!

Baba mkubwa alikuwa amepiga meza kwa mkono wa kushoto. Juisi ilimwagika. Kila mtu akanyamaza na mdomo wazi. Macho yalikuwa mekundu, na nilijua uso ule. Ni uso wa fundi anayemwona mtu ameshika kifaa chake upande usiofaa.

Akavuta pumzi. Akafumba macho.

"Ko," akasema. Shingo ikajaa mishipa. "Koko. Kokori—"

Ikakatika.

"Malizia, shemeji!" Mama alikuwa amepiga magoti. "Ko! Ko!" Wote wakainama kuelekea kwake, midomo imeviringika, wanamsukuma kwa midomo yao. Mama wa Kitanga alishaanza kulia: masikini, imemshinda, na ilikuwa imeshafika mdomoni.

Mimi nikamtazama mwenye saluni, na mwenye saluni akanitazama mimi. Tulisubiri.

Mkono wa kushoto ukainuka. Jambo hili siku zote alilifanya kwa wa kulia, kwa hiyo huu wa kushoto haukujua njia. Kidole kikagonga sikio. Kikarudi. Kikagusa kidevu, kikateremka, kikapata shingo, kikapita polepole kutoka upande huu mpaka huu. Kichwa kikainama.

Jicho moja likafumbuka, likawazunguka wote waliojaa chumbani.

"Wageni wamefika!" nikapiga kelele, kwa niaba yake.

Mwenye saluni alicheka mpaka akakaa sakafuni, halafu akawa analia na kucheka, vyote pamoja, ameshika mguu wa baba mkubwa. Mama wa Kitanga akauliza kama tuna akili, kumcheka mgonjwa. Ilibidi nieleze jogoo na shingo na mgeni kwa Kiswahili, na tena kwa Kizulu kwa gogo, na kila nilipofika mwisho baba mkubwa alipitisha kidole shingoni, na kila mara kilipata njia haraka zaidi. Mama aliokota kadi moja moja chini ya meza. Siku ile ndiyo mara ya kwanza nilimwona akiruka dozi.

Kliniki tulikwenda wiki ile ya mwisho. Mwalimu alikuwepo, na safari hii hakukaa nyuma ya kioo bali pembeni ya meza, na kalamu. Dada akanyanyua kadi ya mbwa. Nikamwomba aanze na jogoo, na asiseme kitu.

"Kokori—" akasema baba mkubwa.

Dada akaruka kitini. "Vizuri! Vizuri sana!" Akasubiri kilichobaki. Mwalimu naye akasubiri, kalamu juu. Kidole kikapita shingoni. Jicho likafumbuka. Halafu yule mwalimu, mama mzima mwenye miwani ya kamba, akatoa kicheko kilichomtoka puani.

Nikaeleza. Nikaeleza pia habari ya wuf na ya dozi baada ya chakula. Dada akaweka kadi mezani taratibu.

"Lakini nilitaka zile anazozijua yeye," akasema. "Za kwao. Kwa nini mlimfundisha za Kiingereza?"

"Uliandika wuf."

Akafunika uso kwa mikono yote miwili. Nikadhani analia, na safari hii nilikuwa nimejifunza, sikuzunguka kumchungulia. Alikuwa anacheka. Akasema jogoo wa bibi yake, ingawa ni vizazi vingi tangu watu wao wavuke bahari, bado anasema "kokkarakko", kwa Kitamil, na bibi hamruhusu mjukuu yeyote kumpa jogoo wa lugha nyingine. Akampa baba mkubwa kadi tupu na kumwambia mimi nitaandika, yeye ataniambia cha kuandika. Mwalimu aliandika kitu kifupi, akamgusa baba mkubwa bega, akasema muhula ujao, siku ileile. Kwaheri, hesabu.

Hakurudi yule wa zamani, nisije nikakuongopea. Maneno yalikuja mojamoja, mengine yakaenda tena. Siku nyingi anakaa kwenye kile kiti cha mlangoni na hamwiti mtu, anatazama tu nywele zinavyopita. Lakini mtoto akilia ndani, kinyozi anazima mashine na kutazama mlangoni, na yeye anaburuta mguu na kuingia. Swali la "kwenu ni wapi" hawezi bado. Anampa jogoo moja kwa moja. Bahati nzuri huyo, akikatwa pale, hana lugha tena.

Juzi nilikuwa nimelala kitandani badala ya kusoma, na kutoka jikoni nikasikia, wazi, bila kukwama:

"Mee!"

Nilikuwa na jibu langu tayari mdomoni, lile la siku zote. Mama alishashika kijiko.

"Karame," nikaitika.